Karani Aliyeandika Bila Kuuliza

Sehemu ya kumi na moja

"Mwenye simu alisema amekunywa."

Hapo ndipo nilipowaacha juma lililopita, midomo wazi. Najua mmenisema sana. Mama mmoja wa sokoni alinishika shati juzi, anataka nimwambie kilichofuata kabla gazeti halijatoka. Nusura nimwachie shati. Haya, vuteni viti, tuendelee.

Aliyeuliza simu ya marehemu inajua nini juu ya siku ya ajali ni Lumbu, kaka mkubwa wa marehemu, mkulima wa mahindi aliyetoka Kaniama kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliyejibu ni Karani. Na Karani, kwa msomaji aliyejiunga leo, si mtu. Ni msaidizi wa akili bandia, yule wa ndani ya simu. Marehemu André Kitwa, mashinisti wa treni ya mizigo, ndiye aliyempa jina hilo, kwa sababu alikuwa anamtuma kuandika kila kitu.

Zamani Karani alikuwa na kichwa cha kuku. Ukimwambia jambo leo, kesho anakuuliza wewe ni nani. Halafu mwaka jana wenye mashine wakampa daftari la kudumu. Tangu siku hiyo, kila anachoona kinafaa anakiandika mwenyewe, na hakimtoki tena.

"Ni siku ya ajali," Karani alirudia kwa kile Kiswahili chake cha mimbarini. "Saa saba mchana. Mwenye simu alisema amekunywa pombe ya lutuku, vikombe viwili."

Simu ilikuwa katikati ya meza, sebuleni kwa marehemu, na kioo chake kilikuwa na ufa mmoja tu. Mashine nzima ya treni ilikuwa imepinduka, mwenye simu alikuwa amekufa, na simu ikatoka na ufa mmoja.

Lumbu alisimama, kiti kikaanguka.

"Bongo!" alipiga kelele, maana yake uongo. "Hii kintu inasema bongo! Ndugu yangu aliachaka pombe miaka tatu! Tatu, Monsieur!"

Monsieur Mputu hakuinua macho. Alikuwa mkaguzi wa kampuni, ametumwa kutoka Lubumbashi na begi jeusi na kalamu tatu, na kazi yake ilikuwa moja: kuandika kwa nini treni ile, ilipotoka Kabondo-Dianda, iliteremka mlima bila breki kushikwa kwa wakati. Ndani ya mashine ya treni walikuwa watu wawili. Mmoja alikufa. Wa pili, Kaumba, msaidizi wa André, alisema kichwa chake kiligonga chuma na hakumbuki kitu.

"Monsieur Lumbu," alisema Mputu, "machine haina ndugu, haina adui. Itadanganya kwa faida gani?"

Akaandika. Kila mtu sebuleni aliona anachoandika, kwa sababu alikuwa anakitamka polepole: marehemu, alikuwa, amelewa.

Mnaelewa maana yake, wasomaji wangu? Maneno yale matatu yakipigwa muhuri, yatasomwa mbele ya mashinisti wote wa Kamina. Nyumba ya kampuni inarudi kwa kampuni kabla mwezi haujaisha. Na André Kitwa, aliyeimba sauti ya tatu kanisani, atakuwa mlevi aliyejiua na treni ya watu mpaka mwisho wa dunia.

Mjane wake alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango. Mwadi. Mama Ariane, kama wanavyomwita pale kambi ya wafanyakazi wa reli, kwa jina la binti yake mkubwa. Alisikia kila neno. Alisikia kama mtu anayesikia redio ya jirani.

Tangu walipomletea habari, majuma saba sasa, ndani yake palikuwa pamekufa ganzi. Akiwekewa chakula, alikula. Akiambiwa lala, alilala. Watu walimwambia pole, naye aliwajibu asante, na katikati ya pole na asante hapakuwa na kitu. Alijiuliza kama amekuwa mtu mbaya, na hata swali hilo halikumuuma.

Kitu kimoja tu alitaka kujua. Je, André alikuwa amerudia? Kwa sababu siku alipoacha pombe, alimwapia yeye, si mwingine, mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Karani," alisema Mwadi. Sauti yake iliwashtua, maana hakuwa amesema tangu asubuhi. "Soma yote ya siku ile."

"Nina kumbukumbu nne za siku hiyo," alijibu Karani. "Ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye simu anataka nimkumbushe dawa ya minyoo ya Ariane."

Huyo ni André. Mwadi alitikisa kichwa kukubali.

"Ya pili, saa tatu. Mwenye simu anasema boksi la grisi limebaki nusu."

Huyo anaweza kuwa mtu yeyote aliyewahi kupanda treni.

"Ya tatu, saa saba. Mwenye simu amekula kwa mama mkwe wake, Kabondo-Dianda. Ugali wa bukari na samaki. Amekula na mama mkwe sahani moja. Amekunywa lutuku vikombe viwili. Anaomba nimkumbushe kutafuna majani ya mpera kabla ya kurudi kwenye treni, chef, mkubwa wa kazi, asisikie harufu."

Lumbu alifungua mdomo, lakini hakuwahi.

"NANI ALIKULA NA NANI?"

Sauti ilitoka dirishani. Nje, chini ya dirisha, alikuwa amekaa Mama Augustine, mama mzazi wa Mwadi, mgongo kwa nyumba, kwa sababu hakutaka kukaa chumba kimoja na wakubwa wa upande wa mkwe wake. Mama huyu anatoka Kinkondja, kule ziwani, na mwili wake mzima unanuka samaki mkavu, naye anaona ni sifa.

"Sahani moja? Na minyi?" Mama Augustine alikuwa amesimama sasa, lakini uso ameugeuzia ukuta. "Minyi njo buko ya André, hakuna ingine! Miaka kumi na ine, ule mutoto hakuonaka meno yangu, na minyi sikuonaka meno yake! Sahani moja! Ee Leza wangu! Afazali museme aliuwaka muntu!"

"Mama, taratibu," alisema Mwadi.

"Taratibu ya nini? Na Kabondo nilifwata nini? Minyi nakalaka Kinkondja, na samaki yangu! Ule muzungu wa mu simu anitafute Kinkondja, nitamwambia!"

Kwa wasomaji wa mbali, niseme wazi: buko ni mkwe, na minyi ni mimi. Kwetu mwanamume hali mbele ya mama wa mke wake. Akimwona njiani, anaacha njia. Mama Augustine alipokuja kuwatembelea, André alikuwa anakwenda kula kwenye depo ya treni, na salamu alimpa kupitia mlangoni, uso pembeni. Mwaka mmoja mvua ilimfungia mama yule ndani siku tatu, na André alikula mikate mikavu siku tatu chini ya paa la jirani. Kula naye sahani moja! Hata kichaa wa sokoni hafanyi hivyo.

Lumbu alipiga makofi, machozi yakimtoka.

"Voilà! Monsieur, futa! Uyo haiko André! Futa ile maneno!"

"Desturi si ushahidi," alisema Mputu. "Mtu akishakunywa, anakumbuka desturi?"

"Alikula kwanza, alikunywa nyuma! Umesikia! Bukari, samaki, njo lutuku!"

Mputu alikunja uso. Nadhani hilo lilimgusa, maana mkaguzi anapenda mambo yafuatane. Aliivuta simu karibu.

"Karani. Ile sauti ya saa saba ilikuwa ya nani?"

"Sijui," alijibu Karani. "Daftari langu linahifadhi maneno, halihifadhi sauti. Yote niliyaandika kwa jina la mwenye simu."

"Simu hii ilitumiwa na watu wangapi?"

"Sikuuliza."

Hakuuliza! Waliotengeneza daftari lile walidhani simu moja ni mdomo mmoja. Hawajafika Kamina. Nani kwetu ana simu ya peke yake? Ndani ya mashine ile ya treni, tundu la umeme lililokuwa zima ni moja, kwa hiyo simu iliyokuwa na chaji ilikuwa moja, na safari ni ya saa kumi na moja. Huyu anaichukua anauliza matokeo ya mpira, yule anaichukua anaomba ushauri wa jino bovu, wanarudishiana. Na Karani, mtumishi mwema, anaandika: mwenye simu anapenda mpira, mwenye simu anaumwa jino.

Mlango wa jikoni ulifunguka. Aliingia Tshala, mke wa Kaumba, na beseni la kunawia mikono, kwa sababu chakula kilikuwa tayari. Alikuwa anacheka. Tshala ni mtu wa kucheka, na kwa majuma saba alikuwa hapati nafasi.

"Mama Augustine, usikasirike bure!" alisema kuelekea dirishani. "Uyo wanasema ni kama mama yangu minyi, wa Kabondo! Ye hana shida na buko. Anakulaka na bakwe yake bote, sahani moja, anabachagulia na miiba ya samaki. Uliza Kaumba, kila treni ikisimama pale, ye anakwen..."

Macho yote yalikwenda kwa Kaumba. Maji yalikuwa yanatikisika ndani ya beseni.

Kaumba alikuwa kwenye kona, mkono wa kulia ndani ya plasta. Mtoto wa kambi huyu, baba wa huku, mama wa kule, amelelewa kati ya mabehewa, na mambo ya buko kwake yalikuwa hadithi za wazee. Kwa majuma saba hakukosa siku hata moja kwenye nyumba hii. Alichota maji kwa mkono mmoja. Alitengeneza bawaba ya mlango kwa mkono mmoja. Wanawake wa kambi walisema rafiki wa namna hiyo Mungu hatoi mara mbili.

"Kaumba," alisema Lumbu polepole. "Ile siku ulikula kwa buko yako?"

"Nilikula, ndiyo." Kaumba alilamba midomo. "Kula haiko kosa. Lakini simu minyi sikuigusa. Pengine chef André alinifwata nyuma, akakunywa kule."

"Akakula na buko yako weye? Sahani moja?"

"Sijui, yaya. Sikumbuki. Kichwa..." Yaya, kwetu, ni kaka mkubwa.

"Kichwa! Kila siku kichwa!"

Wakaanza kupigiana kelele, Lumbu na Kaumba, na Monsieur Mputu katikati akigonga meza kwa kalamu. Mama Augustine naye akawa anaongezea kutoka dirishani, kwa Kiluba, maneno ambayo sitayaandika gazetini.

Mwadi alinyoosha mkono akachukua simu mezani.

Ilikuwa imebaki kumbukumbu ya nne. Aliigusa na maandishi yakafunguka. Kabla hajaanza kusoma, alimwona Kaumba amewaacha wenzake na kelele zao, ameinama karibu yake, na jasho linamtoka.

"Mama Ariane," alinong'ona. "Usisome iyo. Futa. Nakuomba, futa. Kwa ajili yako weye, haiko juu yangu."

Mwadi alimtazama. Halafu akasoma.

Alisoma mara moja, akasoma mara ya pili, kama mtu anayehakikisha jina lake kwenye karatasi ya hospitali.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye shida yote. Maneno yale ya nne yalikuwa yanamsafisha André kabisa, pasipo hata mkaguzi kuuliza. Lakini yalikuwa yanampaka Mwadi. Ukoo wa mume ungesikia, ungesema hawa wawili walipanga, mmoja kwenye breki na mwingine jikoni. Lumbu angechukua watoto kabla ya Jumatatu, apande nao kwenda Kaniama. Na hakuna mama mkwe, wala padri, wala nani, ambaye angemrudishia.

Akiyafuta, hakuna atakayejua. Atabaki na watoto. Nyumba itakwenda, na jina la André litakwenda, lakini marehemu hasikii.

Aligusa palipoandikwa kufuta. Kioo kikamwuliza: "Nifute kumbukumbu hii? Ikifutwa, hairudi."

Kidole chake kilikaa juu ya ufa. Mtu mwingine angetetemeka. Yeye alingoja hofu ije, akaona haiji, na akaona pia kwamba hana haja ya kuingoja zaidi. Alirudi nyuma kwenye maandishi.

"Nyamazeni," alisema.

Hawakusikia. Alianza kusoma vivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayesoma bei za duka, na kelele zikazimika moja moja.

"Saa saba na nusu. Mwenye simu anasema anampenda Mwadi. Anampenda tangu Krismasi aliyomkuta uani anapepeta mchele. Hawezi kumwambia, kwa sababu Mwadi ni mke wa chef wake. Anasema akiwa hajanywa hawezi kulitaja jambo hilo hata akiwa peke yake. Anasema leo wakiteremka mlima atakuwa anamfikiria."

Aliiweka simu mezani, uso juu, ili anayetaka kusoma asome.

"Mke wa chef wake," alisema. "Monsieur, umeandika? Chef alikuwa André. André hawezi kuwa na chef anayeitwa André."

Monsieur Mputu alivua miwani. Aliisogelea simu kana kwamba anataka kuipiga kofi.

"Na wewe hukushangaa? Mwenye simu ana mke anayeitwa Mwadi, halafu Mwadi ni mke wa chef wake?"

"Ilipaswa niulize," alisema Karani. "Sikuuliza. Niliandika nilivyoambiwa. Samahani."

"Samahani!" Mputu alicheka kidogo, bila furaha. Kisha akachora mstari juu ya maneno yake matatu, akachora wa pili, akaugeukia uso wa Kaumba. "Breki ilikuwa kwa nani?"

Kaumba aliangalia chini.

"Kichwa chako kimepona sasa?" aliuliza Mputu.

"Kwangu," alisema Kaumba. "Chef alikuwa anaandika feuille de route, ile karatasi ya safari. Aliniachia breki. Mukono ulichelewa. Ulichelewa kidogo tu, Monsieur."

Tshala alikuwa bado amesimama na beseni. Aliliweka chini taratibu, lakini maji yalimwagika hivyo hivyo, yakapita chini ya meza mpaka kwenye viatu vya mkaguzi.

"Krismasi gani?" alimwuliza mumewe.

Kaumba alijifunika uso kwa mkono mzima.

"Krismasi ya mutoto? Ile nilikuwa mu maternité?" Hakuwa analia. Alikuwa anahesabu. "Ulikuja jioni, ulisema ulichelewa sababu ya treni. Ulisema treni, Kaumba."

Alifunga kitenge chake vizuri, akapita katikati yao, akatoka. Hakuna aliyemzuia.

Mwadi alibaki kwenye kigoda. Hakurudia, alijiambia. André hakurudia. Aliapa, na alishika. Alilirudia neno hilo kimoyomoyo, na mara ya nne au ya tano kitu kilichoma ndani yake, padogo, kama mguu uliokaliwa vibaya unapoanza kupata damu. Kiliuma. Alitaka kiache.

"Mama Ariane."

Ni Lumbu. Alikuwa amekiinua kile kiti chake kilichoanguka, amekaa, mikono juu ya magoti, na sauti yake ilikuwa ya chini. Mimi ninavyomjua Lumbu, ni bora apige kelele.

"Nakushukuru. Umesafisha jina ya ndugu yangu. Ungalifuta ile maneno, na hatungalijua. Nimeona kidole yako."

"Asante, yaya."

"Sasa nakuuliza kintu moja, na nitaamini. Weye ulijua? Kama Kaumba anakutaka, ulijua?"

Jibu la kumwokoa lilikuwa neno moja. Hapana. Angelisema tu, shemeji yake angesimama, angemshika mkono, wangenawa, wangekula ile bukari iliyokuwa inapoa jikoni. Watoto wangelala kwenye kitanda chao. Mwadi alifungua mdomo.

"Ngoja," alisema Lumbu, akainua kiganja. "Hapana kujibu. Nimechoka na midomo ya bantu. Ule Kaumba alinitazama mu macho majuma saba. Nitauliza Karani. Ye hajui kuficha."

Aliinamia simu.

"Karani! Mwadi alijua?"

"Nina kumbukumbu moja inayowataja Mwadi na Kaumba pamoja," alisema Karani. "Ni ya Jumapili, majuma mawili kabla ya ajali, saa nne asubuhi. Nisome?"

Kaumba aliinua kichwa. Yeye hakuwa na kumbukumbu hiyo. Saa nne Jumapili alikuwa nyumbani kwake.

Mwadi alikuwa nayo. Aliiona yote, mpaka mafuta yaliyokuwa yanaruka kwenye kikaango. André alikuwa anaoga uani, anaimba, na simu yake ilikuwa juu ya meza ya jikoni. Mwadi akaikamata na mkono wenye unga. Aliuliza kwa sauti ndogo: Karani, mimi Mwadi, nimwambie vipi mume wangu kwamba Kaumba, rafiki yake wa kazi, ananitazama vibaya? Na Karani, yule asiyeuliza nani anasema, alimjibu vizuri kabisa. Mwambie leo. Mwambie wazi, kabla hawajasafiri tena pamoja.

André angebadilisha msaidizi siku hiyo hiyo. Hana mchezo na mambo hayo. Mtu mwingine angekaa kwenye ile breki, mtu ambaye hakunywa, mtu ambaye hana wa kumfikiria wakiteremka mlima.

Lakini André alikuwa anaimba, na siku ilikuwa nzuri, na Mwadi hakutaka kuiharibu. Kuna neno alimjibu Karani. Majuma saba yote alikuwa amelikalia neno hilo ili lisimfikie, na pamoja nalo alikuwa amekalia kila kitu kingine, machozi, njaa, hata sura ya mume wake.

"Mama Ariane, kataa," alisema Kaumba. "Ni simu yako. Uko na haki ya kukataa."

"Karani anangoja," alisema Lumbu.

Dirishani, Mama Augustine alikuwa amegeuka, uso wake mzima ndani ya chumba, mbele ya wanaume wa upande wa mkwe wake, na wala hakujali. Alikuwa anamtikisia binti yake kichwa: hapana, hapana, hapana.

Simu ilikuwa karibu na mkono wa Mwadi. Angeweza kuivuta. Angeweza kuitupa ndani ya beseni.

"Soma," alisema Mwadi. "Nilivyokuuliza, na ulivyonishauri. Na mwishoni usome jibu langu, uwaambie kama nilisema leo ao nilisema kesho."